Sura ya Tano: Kwa Nini Bunduki Kongwe Hupiga Juu

Chukua Mauser ya Sweden, ile iliyopewa jina la mwaka 1896, uipeleke kwenye uwanja wa shabaha wa mita 100. Egemeza mtutu juu ya mfuko wa mchanga, lenga katikati ya duara jeusi, vuta kifyatulio bila haraka. Mara nyingi risasi zitatua sentimita 20 hivi juu ya pale ulipolenga, na jambo la kushangaza ni kwamba zitatua zikiwa zimekaribiana. Mwenye bunduki akiona hivyo huanza kutafuta mchawi: labda mtutu umepinda, labda vilengeo vimelegea kwa uzee, labda muuzaji amemuuzia mbuzi kwenye gunia. Sura hii inashikilia kwamba bunduki hiyo ni nzima na inatimiza hasa kile ilichotengenezewa. Iliwekwa ili itatue tatizo la askari, na tatizo la mlenga shabaha ni jingine kabisa. Anayelielewa hilo atajua ni sehemu gani ya vilengeo inayopaswa kubadilishwa na ipi isiguswe. Asiyelielewa atachukua tupa, na tupa imeharibu bunduki nyingi za aina hii ambazo kutu ilizisamehe.

Ushahidi wa kwanza umechongwa kwenye chuma chenyewe. Kilengeo cha nyuma cha Mauser ya Sweden kina alama za masafa zinazoanzia mita 300 na kupanda hadi 2,000. Chini ya 300 hakuna kitu. Gewehr 98 ya Ujerumani, baada ya jeshi kuingiza risasi yenye ncha kali mwanzoni mwa karne ya 20, ilibakiwa na alama ya chini kabisa ya mita 400. Mosin ya Urusi ya mwaka 1891 ilipimwa kwa arshini, kipimo cha Warusi chenye sentimita 71 na kidogo, na ngazi yake ya kwanza ilikuwa arshini 400, yaani mita 284 hivi. Springfield ya Marekani ya 1903 ndiyo iliyozidi zote: bamba lake la nyuma likilazwa chini, bunduki ilikuwa imelengwa yadi 547, ambazo ni mita 500. Mataifa hayo manne hayakukaa kikao kimoja. Yalikuwa na viwanda tofauti, risasi tofauti na maadui tofauti, na bado kila moja lilimpa askari wake bunduki ambayo kwa mita 100 lazima ipige juu. Kosa la fundi halijirudii kwa mpangilio wa namna hiyo.

Sababu yake inaeleweka mtu akiacha kufikiria karatasi na kufikiria vita. Askari hajui adui yuko umbali gani. Anaona umbo la mtu, pengine nusu mtu, kwa sekunde chache, naye amechoka na anaogopa. Hana nafasi ya kukadiria masafa na kusogeza kitelezi kila adui anapohama. Kwa hiyo wabunifu walimpa mpangilio mmoja wa kufanyia kazi nyingi. Risasi ya zamani ya Sweden, yenye uzito wa gramu 10 hivi, hutoka kwenye mtutu kwa mwendo wa karibu mita 725 kwa sekunde na kuanza kuanguka papo hapo, kama kitu kingine chochote kilichoachwa hewani. Ili ifike mita 300 ikiwa kwenye mstari wa jicho, mtutu lazima uinuliwe kidogo, na risasi ipite juu ya mstari huo kwa sehemu kubwa ya safari yake. Kilele cha tao hilo ni robo mita hivi. Askari aliyefundishwa kulenga mkanda wa adui angempata kifuani akiwa karibu, tumboni akiwa mbali, na kiunoni akiwa mita 300. Kwa kazi hiyo, sentimita 20 za juu hazikuwa kasoro, kwa sababu kiwiliwili cha mtu kina nafasi ya kuzimeza. Mlenga shabaha anajua masafa yake hadi mita ya mwisho, duara lake halikimbii, na anahesabiwa alama kwa sentimita. Amerithi jibu la swali ambalo yeye hakuuliza.

Tukumbuke pia kwamba majeshi yenyewe yalikuja kuona kuwa alama za mwanzo zilipitiliza. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, baadhi ya kombania za Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, huku kwetu Afrika Mashariki zilikuwa bado na bunduki za mfano wa 1871, ambazo moshi wake wa baruti nyeusi ulimtangaza mpigaji kabla hata risasi haijafika. Nyingine zilikuwa na Mauser za mfano wa 98. Bunduki ndefu ya mfano huo, yenye alama ya kwanza ya mita 400, ilikuwa kichekesho katika pori ambalo watu hupigana wakiwa hatua chache tu kutoka kichaka hadi kichaka. Handaki za Ulaya zilitoa somo lilelile. Baada ya vita Wajerumani waliweka kilengeo kipya kinachoanzia mita 100, na Wasovieti walipoiboresha Mosin mwaka 1930 waliacha arshini, wakahamia mita, na ngazi ya kwanza ikawa 100. Mwenye bunduki ya miaka hiyo ya baadaye ana nafuu. Mwenye bunduki ya kizazi cha 1896 hana, isipokuwa awe anapiga kwenye uwanja wa mita 300, kama ilivyo desturi ya siku nyingi Uswisi na katika nchi za Skandinavia. Hapo vilengeo vya kale vinakaa mahali pake na hakuna la kubadilisha. Sándor Prokopp wa Hungaria alipotwaa dhahabu ya bunduki za kijeshi katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, masafa yalikuwa hayo hayo ya mita 300.

Basi, kwa mwenye uwanja wa mita 100, ni nini kibadilishwe? Jibu langu ni kilengeo cha mbele, na sababu yangu ni kwamba wabunifu wenyewe walikifanya kiwe cha kubadilishwa. Sweden ilitengeneza ncha za mbele za vimo mbalimbali, kila moja ikiwa na namba inayoonyesha imezidi au imepungua kiasi gani ikilinganishwa na ncha ya kawaida. Waingereza kwa Lee-Enfield Namba 4 walifanya vivyo hivyo: ncha zilipishana kwa elfu 15 za inchi, yaani milimita 0.38, na fundi wa silaha alichagua inayoifaa bunduki iliyo mbele yake. Kilengeo cha nyuma, kwa upande mwingine, kinabeba namba. Mteremko wake ulichongwa kufuata mwendo wa risasi ile kutoka mita 300 hadi 2,000, na ukiukwangua ili ushuke, namba zote zilizo juu yake zinakuwa uongo kwa mara moja. Ncha ya mbele ukiibadilisha umehamisha mwanzo tu, na siku yoyote unaweza kuurudisha. Hata walipobadili risasi, Waswidi hawakukimbilia kuchonga. Mwaka 1941 walipoleta risasi mpya yenye ncha kali na mwendo wa kasi zaidi, bunduki nyingi zilipachikwa kisahani cha shaba ubavuni mwa kitako, na sehemu moja ya kisahani hicho ilimwambia askari risasi mpya itapiga juu kwa kiasi gani.

Hesabu ya kujua ncha ndefu kiasi gani inahitajika ni ya darasa la saba. Pembetatu mbili zinafanana: ndogo iko juu ya bunduki, kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele, kubwa inaanzia jichoni hadi kwenye karatasi. Zidisha kosa lililo kwenye karatasi kwa umbali kati ya vilengeo viwili, ugawanye kwa umbali wa shabaha, vyote vikiwa katika kipimo kimoja. Mosin ya 91/30, yaani ile iliyoboreshwa mwaka 1930, ina milimita 622 kati ya vilengeo vyake. Ikiwa inapiga sentimita 12 juu kwa mita 100, milimita 120 mara 622 gawanya kwa 100,000 ni robo tatu ya milimita. Robo tatu ya milimita! Namba hiyo ndogo inafundisha mambo mawili. La kwanza, milimita moja ya chuma kwenye bunduki hiyo ni sentimita 16 kwenye karatasi, kwa hiyo kazi hii ni ya kalipa, haikadiriwi kwa jicho. La pili, bunduki yenye umbali mfupi kati ya vilengeo itahitaji badiliko dogo zaidi kwa kosa lilelile, na hivyo haifai kunakili kipimo cha mwenzako mwenye karabini fupi ukakipeleka kwenye bunduki ndefu. Pima ya kwako.

Mwelekeo ndio unaowapoteza wengi, hata wazoefu. Kilengeo cha nyuma husogezwa kuelekea unakotaka risasi iende; cha mbele husogezwa kuelekea liliko kosa. Risasi zikienda kulia, ncha ya mbele isogee kulia. Zikienda juu, ncha iwe ndefu zaidi. Ndiyo maana kuchonga ncha ya mbele ya bunduki inayopiga juu ni kuongeza tatizo: unaifupisha, unalazimika kuinua mtutu zaidi ili ncha ifike usawa wa pengo la nyuma, na risasi zinapanda. Chuma kilichoondoka hakirudi. Njia salama ni kupachika ncha iliyozidi kidogo kile hesabu ilichodai, upige, uone risasi zikitua chini ya lengo, kisha uichonge kwa tupa laini pole pole, mipigo miwili mitatu kwa mara moja, huku kundi likipanda kuelekea katikati. Juu ya ncha pabaki tambarare na kingo zake zibaki kali, kwa sababu jicho husoma kingo. Ncha iliyoviringwa na tupa hubadilika kimo kila jua linapobadilika.

Kuna watakaosema kazi yote hii ya nini. Si mtu alenge chini tu? Pingamizi hili lina uzito zaidi ya ule linaopewa na mafundi. Kwa bei ya kipande cha karatasi nyeusi kilichobandikwa sentimita 20 chini ya duara la kuhesabia, mwenye Mauser anaweza kulenga kipande hicho na kupiga duara la juu bila kugusa bunduki. Kwa mazoezi, au kwa bunduki adimu ambayo hutaki hata skrubu yake iguswe, nakubali kwamba hiyo ndiyo dawa bora. Inashindwa mahali pawili. Katika mashindano shabaha ni ya mwandalizi na huruhusiwi kubandika chochote. Na bila kipande hicho, kulenga chini kunamaanisha kulenga karatasi nyeupe tupu, ukikadiria nafasi kati ya ncha na duara. Ncha yenye upana wa milimita 2 iliyo mita moja kutoka jichoni hufunika sentimita 20 kwa mita 100. Kukadiria pengo la ukubwa huo hewani, mara kumi mfululizo, kwa usawa uleule, ni kazi ambayo macho ya binadamu hayaimudu vizuri. Kukalisha duara jeusi juu ya ncha nyeusi, kingo kwa kingo, huimudu sana.

Pingamizi la pili linanihusu zaidi, kwa sababu linagusa hoja yenyewe. Kama bunduki hizi hupiga juu kwa sababu ya alama ya mita 300, mbona hata Mosin ya 91/30, yenye alama ya 100, huweza kukosa kwa kiasi kikubwa? Jibu ni kwamba masafa ni sehemu moja tu ya kile ambacho jeshi lilikiweka. Mosin ililengwa singe ikiwa imechomekwa mtutuni. Singe hiyo ndefu ina uzito, na mtutu unapotetemeka risasi ikipita ndani yake, uzito wa mbele hubadilisha namna ya kutetemeka. Ukiiondoa, kundi zima linahama, mara nyingi pembeni pamoja na juu au chini. Risasi nazo zimebadilika: kichwa chepesi au kizito, baruti ya haraka au ya polepole, vyote huuacha mtutu ukiwa umefika mahali tofauti katika mtikisiko wake. Mbao iliyokauka au kuvimba kwa miaka 80 hubana mtutu pasipotakiwa. Kwa hiyo pingamizi haliivunji hoja, linaipanua. Vilengeo vya bunduki ya jeshi ni rekodi ya hali nzima ya askari: masafa yake, singe yake, risasi yake. Wewe huna hata moja kati ya hizo.

Hapo ndipo linapotoka agizo ambalo ningeliweka mbele ya mengine yote: usiguse vilengeo mpaka bunduki ionyeshe kundi linaloaminika. Mpelekee fundi mwenye leseni akague mtutu na kufuli, kaza skrubu zinazoshika mbao, chagua risasi moja na ubaki nayo. Kisha piga risasi kumi. Watu hupenda kupiga tatu, kuchora msalaba katikati yake na kukimbilia nyundo. Hesabu za uwezekano zinawakataa: kosa la kukisia kitovu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya risasi, hivyo kitovu cha risasi tatu kina wasiwasi wa asilimia 58 ya mtawanyiko wa kawaida wa bunduki, na cha risasi kumi kina asilimia 32. Anayerekebisha kwa risasi tatu mara nyingi anafukuza kivuli. Leo atasogeza kulia, kesho kushoto, na bunduki haikuwa na kosa.

Kusogeza ncha pembeni kunahitaji mkono mtulivu. Katika bunduki nyingi za aina hii ncha imekaa ndani ya mfereji uliobana juu na kupanuka chini, ikashikwa kwa msuguano tu. Kabla ya yote, chora mstari mwembamba kwa kisu au penseli, nusu juu ya ncha na nusu juu ya kikalio chake, ili ujue ilikotoka. Dondoshea tone la mafuta mepesi na uyaache yapenye usiku kucha. Ushike mtutu kwenye jiliwa lililofunikwa ngozi au mbao, karibu kabisa na ncha, uweke kipande cha shaba ubavuni mwa ncha, ugonge mara moja kwa nyundo ndogo. Pigo jepesi lisilosogeza kitu ni afadhali kuliko zito linaloruka alama. Wenye kibano maalumu cha skrubu wana raha zaidi, kwa kuwa husukuma bila kugonga, na robo ya mzunguko inaweza kupimwa. Hesabu ni ileile ya pembetatu: kwa Mosin, sehemu ya kumi ya milimita ni sentimita 1.6 kwenye karatasi ya mita 100.

Vilengeo vikishakaa, kinachobaki ni jicho na mwanga, na hapa vitabu vingi hupita mbio. Jicho haliwezi kuona wazi vitu vitatu vilivyo masafa matatu kwa wakati mmoja. Pengo la nyuma liko karibu mno, shabaha iko mbali mno. Cha kuonekana wazi ni ncha ya mbele, na shabaha iachwe iwe ukungu. Jua likipiga upande mmoja wa ncha iliyochubuka, upande huo hung'aa na jicho huuchukulia mng'aro huo kuwa ndio ukingo, na kundi likahama ingawa hakuna aliyegusa chuma. Walenga shabaha wa zamani walipaka ncha masizi ya mshumaa au ya taa ya kabidi, na hadi leo hakuna rangi ya dukani inayoua mwanga vizuri kuliko masizi. Mtu aliyerekebisha bunduki yake asubuhi yenye jua kushoto, akaona imekosa alasiri, apake masizi kwanza kabla ya kumtafuta fundi.

Wapo mwishowe wanaouliza kwa nini usipachike darubini au kilengeo cha tundu na kumaliza mambo. Kwa uwindaji, fanya utakavyo. Lakini mashindano mengi ya bunduki za kale yanataka vilengeo vile vile vilivyotoka na silaha kiwandani, na kutoboa matundu ya skrubu juu ya chuma cha 1896 ni jambo lisilorekebishika. Ncha ya mbele iliyobadilishwa haionekani na mtu asiyejua, na hurudishwa kwa dakika chache. Ndiyo maana nasema: ncha ya asili uliyoitoa usiitupe. Itie kwenye bahasha pamoja na kipimo chake, risasi uliyotumia na masafa uliyolengea, uihifadhi pamoja na hati za bunduki. Atakayeinunua kwako ataihitaji.